Epoksi ya rangi isiote ndevu

Ukishachonga jina kwenye kibao cha mninga, usikimbilie kumimina epoksi ya rangi, ile gundi ya majimaji ya sehemu mbili inayochanganywa ikaganda ngumu. Kwanza paka epoksi ileile isiyotiwa rangi ndani ya herufi kwa brashi ndogo, kingo zote, uiache ishike. Bila hivyo mbao inakunywa rangi: "KARIBU" yangu nyeusi iliota ndevu, yaani michirizi ya rangi iliyoingia ndani ya mbao, kwenye kila herufi, na msasa haukuzifikia.

Kwa joto hili la Dar changanya kidogo kidogo. Kikombe kikijaa kinapata moto na kuganda mkononi, hela imekwenda. Mimina izidi uso wa mbao kidogo, mapovu yatoboe kwa kijiti cha meno. Kesho yake, ukucha usipoacha alama, anza msasa namba 80, kisha 120, 220.