Kulitumia neno "iron" bila kukosea

Anza na matamshi: Waingereza husema "ayan". Herufi r haisikiki, kwa hiyo "aironi" ya darasani iache.

Kinachogeuza maana ni "an". "I bought iron" ni kununua chuma. "I bought an iron" ni kununua pasi. Ukiidondosha "an", muuza duka anaweza kukuelekeza kwenye nondo. Kliniki nako, "iron tablets" ni vidonge vya madini ya chuma, vile wanavyopewa wajawazito.

Kupiga pasi ni kitenzi hichohicho: "iron the shirt", wakati uliopita "ironed". Tofauti ndogondogo zikimalizwa, "we ironed them out".

Mabati huku kwetu ni "iron sheets"; Uingereza huita "corrugated iron".