Mgongo wa juu na wa kati ukiuma: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwona daktari

Kwanza jiulize kama maumivu haya yanaweza kusubiri. Yakikujia ghafla kama kitu kinachanika, au yakiambatana na kubanwa kifua, kuhema kwa shida na jasho jingi, nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, kwa sababu moyo, mapafu na mshipa mkuu wa damu vikiwa na hitilafu huweza kuleta maumivu mgongoni. Vivyo hivyo miguu ikilegea, mwili ukifa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo.

Kama hakuna dalili hizo, una muda wa kujiandaa. Sehemu hii ya mgongo ina pingili 12, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zote zimeungana na mbavu, kwa hiyo haipindiki sana kama shingo au kiuno, na diski, yaani mito laini kati ya pingili, kuchomoza huku ni nadra. Mara nyingi kinachouma ni misuli, au viungo vidogo kati ya mbavu na pingili, vilivyochoshwa na kukaa umeinama au kunyanyua mzigo vibaya. Wengi hufika wakitaka kupigwa picha, kama eksirei, kwanza. Naelewa hofu yao, lakini picha huonyesha pingili zilizochakaa hata kwa watu wasioumwa kabisa. Maelezo yako mara nyingi humsaidia daktari zaidi.

Basi yaandae. Ni wapi hasa panapouma, na maumivu yalianza lini? Yanabadilika ukigeuka, ukijinyoosha au ukivuta pumzi ndefu? Maumivu yanayofuata mkao kwa kawaida ni ya misuli na viungo. Yale yasiyojali umelala vipi, yanayokuamsha usiku, yanahitaji uchunguzi wa karibu. Yakija chini ya bega la kulia baada ya mlo wenye mafuta mengi, huenda ni kifuko cha nyongo. Yakiunguza upande mmoja tu, yakizunguka mbavu kama mkanda, kagua ngozi kila siku: mkanda wa jeshi huanza kuuma kabla vipele havijatoka.

Usifiche historia yako. Taja homa, jasho la usiku, kupungua uzito, saratani uliyowahi kuugua, kuanguka hata kama ni kidogo, na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni) ulizotumia kwa muda mrefu, kwani hudhoofisha mifupa. Taja pia kifua kikuu, chako au cha mtu unayeishi naye. Ugonjwa huu hushambulia pingili pia, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Akichelewa, mgongo huota kibyongo.

Andika dawa zote unazomeza. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha au mimba, na wengi huzinunua bila kuuliza.

Ukisubiri miadi, usijilaze siku nzima. Tembea kidogo kidogo, badilisha mkao mara kwa mara, weka kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Vaa nguo inayovulika kwa urahisi, maana daktari atataka kuuona mgongo na kuugusa.

Tena usiondoke bila kuuliza mazoezi yapi yanakufaa, uyafanye kwa muda gani, na dalili gani ikitokea urudi mapema. Mwombe daktari akuonyeshe kila zoezi, kisha ulifanye mbele yake akurekebishe.