Ukiona damu chooni, usiflashi kwanza

Jamani hili watu wanaona aibu kulisema, ila ukiona damu ukienda haja kubwa iangalie vizuri kabla hujamwaga maji. Ikiwa nyekundu mbichi, imepaka tu kwenye tishu au inadondoka mwishoni, mara nyingi ni bawasiri au mchaniko wa njia ya haja, hasa kama choo kilikuwa kigumu na ulisukuma mpaka jasho likakutoka. Hapo kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga za majani, na simu iache nje maana kukaa dakika 20 unaskroli kunaizidisha.

Lakini choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, hiyo damu mara nyingi inatoka huko juu tumboni (wazee wa kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, kila siku mnanisoma?), nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo vinatia weusi, mwambie daktari kama unavitumia. Kizunguzungu au damu isiyokata, usisubiri kukuche.

Na kama inajirudia, unakonda, choo kimebadilika au umevuka 45, achana na dawa za bawasiri za mtaani, kapime, kansa ya utumbo inaweza kuanza hivyohivyo. Kipimo cha kwanza cha kidole (daktari anapapasa ndani ya njia ya haja) hakimalizi hata dakika mbili.