Kuupima mkono wa Bibi: mfano wa mkate wa kumimina

Ukimuuliza Bibi mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, unatiwa sukari kiasi gani, atakujibu, "Tia kiasi, uonje." Hakunyimi. Kipimo chake ni mkono, na mkono hauna gramu. Kwa hiyo usihangaike kumuuliza, pima vyombo vyake.

Nenda na mizani ndogo ya jikoni, jagi lenye alama za mililita na daftari. Kabla hajaanza, weka kopo la sukari kwenye mizani uandike uzito. Mwache apike anavyopika siku zote, kisha lipime tena: kilichopungua ndicho alichotia. Ukimkatiza kila anapochota, ataanza kupika kwa kukuridhisha wewe na mkate hautakuwa wake. Hamira na iliki ni kidogo mno kwa mizani ya kawaida. Hizo tu mwombe aziweke kwanza kwenye kisahani, uzipime kwa kijiko cha chai kabla hazijaingia.

Mchele upime mkavu, jioni kabla ya kurowekwa, maana ukishakunywa maji uzito si ule tena. Nazi usiandike "mbili". Nazi hazilingani, na kuna anayekamua mpaka machicha yakauke. Pima tui lenyewe kwenye jagi, useme kama ni la kwanza tupu au limechanganywa na la pili.

Ukitoka hapo utakuwa na kitu cha namna hii, kwa sufuria ya sentimita 24: mchele gramu 500 uliolala kwenye maji usiku mzima, tui zito mililita 350 hadi 400, sukari gramu 200, hamira kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko, ute wa yai 1. Chuja mchele maji yote, saga na tui, hamira, iliki na ute mpaka ukilisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Tia sukari, saga tena kidogo, funika mahali pa joto. Likiumuka karibu mara mbili, mimina kwenye sufuria iliyopashwa moto na kupakwa samli. Hapo moto uwe mdogo chini na makaa mengi yapaliwe juu ya kifuniko. Kwa oveni, nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40.

Uzito wa rojo, si wa mizani bali wa kumiminika, ndio unaowashinda wengi, na hauandikiki kwa namba. Lirekodi kwa simu: kamera iangalie upawa, si uso wa Bibi. Rojo sahihi hushuka mfululizo bila kukatika, na alama yake hukaa kidogo juu kabla ya kuzama. Likiwa jepesi, mkate unakaa chini na kuwa kama mpira.

Likishaumuka, lisikorogwe. Mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushika hewa, hivyo vipovu vikipasuka havirudi na mkate unatoka bila matundu. Likiachwa mno linachachuka na kubonyea katikati. Tui la moto nalo huua hamira. Lipoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua.

Makosa haya Bibi hatayataja kwa sababu yeye hayafanyi tena. Kwa hiyo kila hatua muulize, "Bibi, hapa nikiharibu, nitajuaje?" Swali hilo hulijibu kwa urefu kuliko lile la "kiasi gani", na mara nyingi hapo ndipo anapotaja kitu alichokifanya bila wewe kuona, kama kuipangusa sufuria kwa kitambaa chenye samli badala ya kuimiminia.

Mara ya pili pika wewe, yeye akae kwenye kibao. Akinyanyuka kukunyang'anya upawa, andika ni hatua gani: hapo ndipo daftari lako lina kasoro. Mara ya tatu pika kwako, kwa jiko lako, umpelekee kipande kikiwa kimepoa, kwa sababu mkate wa moto hunata kisuni na huonekana mbichi hata ukiwa umeiva. Akisema "hamira imezidi" au "iliki haisikiki", iandike pembeni ya kipimo husika pamoja na tarehe, bila kufuta cha zamani.