Kupanda basi tena baada ya ajali

Basi letu lilipinduka karibu na Chalinze, alfajiri. Mkono ulipona kwa wiki nane. Mimi mwenyewe nilichelewa: harufu ya dizeli tu ilinitoa jasho, na usiku nilisikia vioo vikipasuka.

Kama na wewe uko hapo, usianze na safari ya Dodoma. Nenda stendi, kaa na chai yako, tazama mabasi yakiingia, rudi nyumbani. Rudia mpaka moyo uchoke kudunda. Mimi ilinichukua siku sita. Muuza karanga alishaanza kuniita "shangazi wa benchi". Halafu panda daladala kituo kimoja, kiti cha karibu na mlango. Kesho viwili.

Hofu ikipanda ndani ya gari, usishindane nayo. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: kofia ya konda, ndoo ya dagaa, kandambili za jirani... Mwili unakumbuka siku ile. Wewe uonyeshe leo.

Wakikwambia "shukuru Mungu, sahau", itikia upite. Tafuta mmoja wa kukusikiliza bila kukukatiza. Wangu alikuwa mama mkwe, tukichambua mchele.

Ukipita mwezi na bado hulali, ulizia kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Watu watawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, waache wawaze. Mimi nililia kikao cha tatu tu.

Juzi nilikwenda Dodoma. Chalinze nilipita macho wazi, nimeng'ang'ania siti ya mbele kwa mikono miwili.