Kabla Hujapima Kama Protini Inashika DNA

Wengi wakipanga jaribio hili huanza na herufi za besi za DNA, A, T, G na C, kana kwamba protini husoma DNA kama sisi tusomavyo gazeti. Husoma, ndiyo, lakini pia hupapasa. Kwa hiyo, kabla hujaagiza kipande cha DNA, jua protini yako inaingilia upande gani.

Msokoto wa DNA una mifuo miwili, yaani mitaro inayouzunguka. Kwenye mfuo mpana kila jozi ya besi hujitambulisha waziwazi. Kwenye mfuo mwembamba A-T na T-A hukaribia kufanana, hivyo umbo ndilo hupata usemi. Penye A kadhaa mfululizo mfuo huo hubana, chaji hasi hukolea ndani yake, na arginini, asidi ya amino ya protini yenye chaji chanya, hujipenyeza humo. Scr, protini ya nzi wa matunda, huitambua shabaha yake (mfuatano wa DNA inaoutafuta) kwa msaada wa ujanja huo. TBP, protini inayosaidia kuwasha jeni, ndiyo yenye ubabe: hupanda mfuo mwembamba kama tandiko juu ya punda, ikaikunja DNA kwa takriban digrii 80. Fuwele zilizochunguzwa kwa eksirei zilionyesha hivyo mwaka 1993.

Sasa agizo lako. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukata kipande kifupi kinachotosha herufi za shabaha tu. Besi za pembeni, hata zisizoguswa na protini, huchangia kuamua upana wa mfuo. Mimi huacha jozi kama 10 kila upande, yaani karibu mzunguko mmoja wa msokoto. Agiza pia kipande cha pili chenye shabaha ileile na pembeni tofauti. Bila hicho utasemaje kwamba umbo lina kazi?

Nyuzi mbili za DNA za kipande chako zipashwe hadi nyuzijoto 95, kisha zipoe polepole. Ukizitupa kwenye barafu, uzi unaweza kujikunja wenyewe, nawe ukailaumu protini bure.

Chumvi usiikadirie kwa macho. Ikizidi, ioni hufunika chaji na protini huachia. Ikipungua mno, protini hung'ang'ania DNA yoyote iliyo karibu. Na kama protini yako hushikilia umbo lake kwa zinki, soma kibandiko cha bafa, yaani mmumunyo, ya jeli utakayopitishia sampuli: EDTA, kemikali inayonasa metali, ikiwamo huinyang'anya protini zinki hiyo.