Kufunga freti za luti kwa sudusi ya koma

Mpigaji wa udi hana shida ya kupanga freti, vile vizuizi vya shingoni vinavyoamua sauti ya uzi: shingo yake haina freti, kidole kinateleza mpaka sauti ikae. Luti, mtoto wa udi aliyekulia Ulaya, ina freti za utumbo wa mnyama zinazokatiza jozi zote (nyuzi zinazopigwa mbili mbili) kwa mstari mmoja, kwa hiyo unaamua kabla ya kupiga. Vipimo hivi ni vya luti ya jozi sita inayotuniwa G (toka jozi ya 1: G, D, A, F, C, G), yenye uzi wa sentimita 60 kati ya kizingiti cha shingoni na daraja. Urefu wako ukiwa mwingine, zidisha kila kipimo kwa huo, kisha gawa kwa 60.

1. Chagua temperamenti, yaani namna ya kugawa nafasi kati ya noti. Hatua sawa, noti zote zikipishana kwa nafasi moja, ni rahisi: mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga luti Mwitaliano, alieleza kanuni ya 18 kwa 17, kila freti ikikaa kwenye sehemu ya kumi na nane ya urefu uliobaki. Ila F hadi A inakuwa takriban senti 400 (senti 100 ni hatua sawa moja), na iliyo safi ni 386. Robo ya koma, yaani kila nafasi ya tano (kama C hadi G) ikipunguzwa robo ya koma, pengo dogo la takriban senti 21.5, huisafisha kabisa, lakini freti ya 1 inadai mahali pawili: milimita 25.8 kwa F#, 39.2 kwa B♭. Sudusi ya koma inatoa senti 393.5, na pengo kati ya mahali hapo pawili linapungua hadi milimita 6. Anza na hiyo.

2. Tuni nyuzi wazi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye tuna ya simu (programu ya kupimia sauti), kwa senti, A iwe 0, D +1.6, G +3.3, C +4.9, F +6.5. Ukizituni kwa hatua sawa, F itakuwa chini na utazilaumu freti bure.

3. Funga utumbo: milimita 1.0 kwa freti ya 1, ukipungua hadi 0.7 kwa ya 8, la sivyo nyuzi zitavuma. Kaza fundo karibu na kizingiti, kisha sukuma freti kuelekea daraja. Shingo inapanuka, nayo inajikaza. Unguza ncha ziote kichwa, fundo lisifunguke.

4. Pima toka kizingiti, kwa milimita: freti ya 2 64.5; ya 3 96.9; ya 4 122.0, ya 5 150.9, ya 7 199.2, ya 8 223.4.

Ugomvi uko kwenye ya 1. Ikiwa 36.3 unapata E♭ na B♭ (jozi ya 2 na ya 3), ikiwa 29.9 unapata F# na C# (ya 4 na ya 5). Chagua 36.3, halafu gundisha kipande kifupi cha utumbo kwenye 29.9, chini ya jozi ya 4 na ya 5 tu. Galilei hakuvipenda vipande hivyo. Vifunge hata hivyo. Kuweka katikati, 33, kunaharibu noti zote nne.

Ya 6 iwe 173.3, kwa ajili ya B na F#. E♭ ya jozi ya 3 itakuwa chini. Ichukue kwenye freti ya 1 ya jozi ya 2, sauti ni ileile.

5. Hakiki kwa sikio: jozi ya 2 freti ya 5 dhidi ya jozi ya 1 wazi, jozi ya 4 freti ya 4 dhidi ya jozi ya 3 wazi. Sauti ikiwa juu kwenye jozi zote, kidole kinauvuta uzi: irudishe freti nusu milimita kuelekea kizingiti. Ikiwa juu kwenye jozi moja tu, usiiguse; badilisha uzi.